Loki ya boneti: spea ndogo inayoweza kusimamisha gari mpakani

Katika biashara ya magari yanayovuka mipaka, mazungumzo mengi huwa juu ya bei ya gari, ushuru, mafuta na foleni. Loki ya boneti haitajwi. Ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, pamoja na waya mmoja unaoishia karibu na usukani. Hata hivyo gari linapofika Tunduma, Mutukula au Malaba na boneti ikakataa kufunguka, ofisa wa forodha anashindwa kuiona namba ya injini, na kwa magari mengi ya Kijapani anashindwa kuiona hata namba ya chasisi iliyopigwa ndani ya chumba cha injini. Karatasi zinaweza kuwa safi zote, lakini gari litasimama.

Upande wa pili wa tatizo ni mbaya zaidi. Boneti hiyo hiyo ikifunguka yenyewe wakati gari liko katika mteremko wa Kitonga, huruka juu na kuziba kioo cha mbele. Dereva haoni barabara, na nyuma yake kuna semi lenye shehena.

Loki za kubadilisha hazikosekani. Zinapatikana Kariakoo mjini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi na soko la Kisekka mjini Kampala, kuanzia za orijino na za kopi hadi za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa. Kwa hiyo shida haiko kwenye uhaba. Shida ni kwamba wanunuzi wengi huchukua kifaa cha kazi moja wakitegemea kifanye kazi mbili, na hasara yake huonekana baada ya mpaka, ambako aliyeuza hayupo.

Kazi tatu, vifaa vitatu

Boneti ya gari la kawaida hushikwa mara mbili. Kwanza kuna loki kuu, ambayo hukamata kitanzi cha chuma kilichofungwa chini ya boneti na kuachia pale waya unapovutwa kutoka ndani. Pili kuna ndoano ya usalama, ile ambayo mtu huitafuta kwa vidole baada ya boneti kunyanyuka kidogo. Kazi ya ndoano ni moja tu: loki kuu ikiachia gari likiwa kwenye mwendo, boneti isiinuke yote.

Nchini Marekani jambo hili liliwekwa katika kanuni ya usalama wa magari namba 113 tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kanuni hiyo inataka kila boneti inayofungukia mbele, ambayo ikiwa wazi inaweza kumziba dereva, iwe na hatua ya pili ya kushikwa au loki ya pili kabisa.

Uzito wa kanuni hiyo ulionekana mwaka 2020, Nissan ilipoyaita tena zaidi ya magari milioni 1.8 ya Altima ya miaka ya 2013 hadi 2018 kwa sababu ya ndoano hiyo ya pili. Rangi ilikuwa ikikwanguka pale vyuma vinapogusana, chuma kikabaki wazi, kutu ikaingia, na baada ya muda ndoano ikaweza kuganda ikiwa wazi. Hakuna aliyeigonga wala kuivunja. Muda, unyevu na uchafu vilitosha.

Altima si gari la kawaida katika barabara za Afrika Mashariki, lakini somo lake linahusu magari mengi yanayoshushwa bandarini huku. Gari lililotumika miaka mingi huenda lilipita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi wakati wa theluji, likavuka bahari, likakaa kwenye yadi yenye hewa ya chumvi, kisha likaanza safari ya vumbi. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kupakiwa melini hueleza hali ya siku ile tu.

Kazi ya tatu ni ulinzi. Gari linapolala kwenye foleni au kwenye maegesho yasiyo na uzio, betri na vifaa vya umeme chini ya boneti huwa rahisi kuibwa. Loki ya kiwandani haikuundwa kuwa kinga kubwa dhidi ya mwizi, kwa kuwa anayeweza kuufikia waya wake anaweza kuifungua. Hapo ndipo wafanyabiashara na wenye magari wanapogeukia pini na kufuli za ziada.

Foleni ndiyo inayoongeza hitaji hili. Mwezi Januari 2022 malori yalijipanga kwa kilomita nyingi upande wa Kenya wa mpaka wa Malaba wakati wa mvutano juu ya upimaji wa lazima wa Uviko-19 kuingia Uganda. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa siku chache vituo vyake vya mpakani na Kongo, kikiwemo cha Kasumbalesa. Vituo vya huduma kwa pamoja, kama kile cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019, vilijengwa ili kupunguza kusubiri, lakini uamuzi mmoja wa serikali unatosha kulifanya gari lilale nje usiku kadhaa.

Kilichopo sokoni

Bidhaa zinazouzwa kwa jina la loki ya boneti zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

La kwanza ni loki nzima ya kubadilishia ile ya kiwandani, ikiwa na ndoano yake. Hii ndiyo dawa pale loki ya zamani inapolegea, inapoliwa na kutu au ilipopinda kwa ajali. Mnunuzi anapaswa kuilinganisha na ya zamani tundu kwa tundu. Kama gari lina king'ora au taa ya kuonya kuwa boneti iko wazi, loki mpya iwe na swichi na plagi inayofanana. Loki ya kopi isiyo na swichi inaweza kufunga vizuri huku taa ikiwaka safari nzima.

La pili ni pini za boneti. Pini mbili husimama kwenye chuma cha mbele kinachoshika rejeta, hupenya kwenye boneti, kisha hufungwa kwa klipu juu yake. Asili yake ni magari ya mashindano. Zinashika vizuri kama zimefungwa vizuri, lakini zile zisizo na ufunguo hazizuii wizi hata kidogo, kwani mtu yeyote huvuta klipu na kufungua.

La tatu ni loki za kuzama kwenye boneti zenye ufunguo. Hizi hufanya kazi ya kushika na ya kulinda. Gharama yake ni kwamba ufunguo usipokuwepo, boneti haifunguki. Kwa gari linalovuka mpaka ufunguo huo lazima usafiri na dereva, pamoja na wa akiba. Gari ambalo ufunguo wake umebaki kwa wakala Dar es Salaam litamsubiri wakala huyo Nakonde. Kadhalika moto ukitokea chini ya boneti, kila sekunde ya kutafuta ufunguo inaongeza hasara.

La nne ni mipira ya kuvuta inayotumika kwenye malori yenye pua, kama baadhi ya Freightliner. Boneti ya malori hayo huinamia mbele, na mipira hiyo huibana ubavuni karibu na kabini. Jua huikausha na kuipasua. Mpira ulioanza nyufa hubadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili, kwa sababu mpya na wa zamani havivuti kwa nguvu sawa, na boneti hucheza upande mmoja hadi bawaba zikalegea.

Malori yasiyo na pua, ambayo ndiyo mengi katika njia za Dar es Salaam na Mombasa, hayana boneti ya namna hiyo. Mbele yana kifuniko chepesi, na injini hufikiwa kwa kuinamisha kabini. Loki ya kabini si mahali pa kubuni. Ikiachia wakati lori linafunga breki, kabini yenye watu inaweza kuinama mbele. Hapo kinachofaa ni loki ya aina ile ile iliyotajwa na mtengenezaji, na taa yake ya onyo isikatwe waya.

Mpaka hubadilisha spea

Mfanyabiashara anayenunua loki kwa jumla ili auze nchi jirani anapaswa kujua kuwa soko la Afrika Mashariki si moja kwa upande wa umri wa magari. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haijafunga mlango kwa gari la zamani, ila hulitoza ushuru wa ziada. Maana yake ni kwamba shehena iliyochaguliwa kwa kufuata magari yanayoingia Nairobi leo inaweza kukaa rafu miezi mingi Mbeya, ambako modeli za zamani zaidi zinaendelea kuingia na kutengenezwa.

Tofauti nyingine ni upande wa usukani. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, na Rwanda ilizuia uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia mwaka 2005. Kwa modeli nyingi mkono wa kufungulia boneti hufuata upande wa dereva. Hivyo waya wa gari lenye usukani wa kulia unaweza kuwa na urefu tofauti na ule wa gari lenye jina hilo hilo lakini usukani wake uko kushoto. Ukiwa mfupi haufiki, na ukiwa mrefu hupindwa, hukwama na hatimaye hukatika. Anayeuza Kigali au Bujumbura kwa mzigo wa Kariakoo aulize swali hilo kabla ya kulipa.

Forodha: si kila kilicho kwenye gari ni spea ya gari

Kosa jingine hutokea kwenye makaratasi. Wengi huandika loki za boneti chini ya kichwa 8708, ambacho ni cha sehemu na vifaa vya magari, kwa hoja kwamba zinafungwa kwenye gari. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa hausemi hivyo. Maelezo ya sehemu ya magari katika mfumo huo yanaviondoa vifaa vya matumizi ya jumla vya chuma, zikiwemo kufuli za kichwa 8301 na viungio vya kichwa 8302, hata kama vimetengenezwa kwa ajili ya gari.

Kwa msingi huo loki ya chuma yenye ufunguo huangukia 8301.20, ambayo ni ya kufuli za magari. Pini na loki zisizo na ufunguo huelekea 8302.30, ambayo ni ya viungio na vifaa vingine vya chuma vya magari. Mipira ya kuvuta boneti ya lori iko katika kichwa 4016 cha bidhaa za mpira. Boneti yenyewe, bati zima, ndiyo inayobaki 8708. Sanduku moja kutoka kwa muuzaji mmoja linaweza kuwa na bidhaa za vichwa vitatu.

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vinne tangu Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35. Kuandika kichwa kisicho sahihi kunaweza kumfanya mfanyabiashara alipe zaidi ya inavyostahili, au alipe pungufu na kufuatwa baadaye kwa tofauti na faini. Anayeingiza mzigo mkubwa anaweza kuiomba mamlaka ya mapato itoe uamuzi wa uainishaji kabla mzigo haujafika. Uamuzi huo wa maandishi una uzito kuliko maneno ya wakala, na mwenye neno la mwisho ni forodha.

Wafanyabiashara wadogo nao wana mtego wao. Utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 hutoa nafuu kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Loki iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kuwa imenunuliwa Kariakoo na risiti ipo. Anayevuka nayo kwenda Uganda au Rwanda akitegemea cheti rahisi cha asili anaweza kudaiwa ushuru, hata kama mwagizaji wa kwanza alishalipa Dar es Salaam.

Kufunga kwa namna itakayodumu

Kabla ya kununua chochote, loki iliyopo ijaribiwe. Mkono wa ndani ukivutwa, boneti inyanyuke kidogo na kukamatwa na ndoano. Ikinyanyuka moja kwa moja hadi juu bila kuguswa, ndoano imekufa. Mara nyingi kinachohitajika ni kuosha grisi ya zamani iliyoshikana na vumbi, kukausha, kisha kupaka kilainishi chepesi. Grisi nzito kwenye barabara ya vumbi hugeuka kuwa tope linaloganda.

Ikibidi kubadilisha, fundi aweke alama ya mahali loki ilipokaa kabla ya kulegeza boliti. Loki mpya ifungwe kwa mkono kwanza, boneti ishushwe taratibu kuona kama kitanzi kinaingia katikati, kisha boliti zikazwe. Boneti inayohitaji kupigwa kwa nguvu ndipo ifunge haijakaa sawa, na itaendelea kuukwaruza ulimi wa loki hadi uchakae.

Kwa pini, sharti la kwanza ni kutoondoa loki ya kiwandani. Pini ni nyongeza. Mafundi wengine huing'oa loki ili boneti ionekane safi, na klipu moja ikiruka kwenye matuta ya barabarani gari hubaki bila cha kuizuia. Pili, mahali pa kutoboa pachunguzwe kutoka chini. Chuma cha mbele hupitiwa na mabomba ya kiyoyozi, nyaya za taa na, kwa magari mengi, vitambuzi vya mifuko ya hewa. Drili ikikosea hapo, gharama yake inaweza kuzidi mara nyingi bei ya pini.

Pini hufungwa kwanza, ncha zake hupakwa rangi mbichi, na boneti hushushwa juu yake ili alama ionyeshe pa kutoboa. Tundu lianze dogo likuzwe kidogo kidogo, kingo zilainishwe, na chuma kilichobaki wazi kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Boneti ya alumini ikiguswa na pini ya chuma katika hewa ya pwani huliwa haraka zaidi, hivyo washa ya plastiki au mpira iwekwe katikati. Urefu wa pini urekebishwe hadi klipu iingie bila boneti kukandamizwa wala kucheza. Baada ya kilomita chache za barabara mbovu, nati zikazwe tena.

Nani analipa

Swali la fedha ndilo linalotenganisha tahadhari na uzembe. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilitoka katika soko hilo, hulipia madhara kwa mtu wa tatu. Hailipii boneti wala kioo cha gari lililoikata. Hilo ni la bima kubwa, na mlipaji wa bima anaweza kuuliza nani alitoboa boneti na kwa nini loki ya kiwandani haipo.

Kwa magari ya IT, yale yanayoendeshwa kutoka bandarini kwenda Zambia, Malawi au Kongo, mambo ni magumu zaidi kwa sababu gari lenyewe ndiyo mzigo. Liko chini ya dhamana ya forodha na linatakiwa litoke nchini ndani ya muda uliowekwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Boneti ikiruka Iringa, mnunuzi aliye Lusaka atasema gari lilikuwa zima, wakala atasema alilipokea hivyo, na dereva ndiye atakayekatwa posho.

Mgogoro huo huzuiwa kwa dakika tano wakati wa kukabidhiana kwenye bandari kavu. Boneti ifunguliwe na kufungwa mbele ya wote, ndoano ijaribiwe, namba ya chasisi isomwe na kupigwa picha, na fomu iandikwe kuwa loki ni nzima au mbovu. Ikiwa mbovu, itengenezwe kabla ya gari kutoka, kwa gharama ya aliyekubali kwa maandishi. Kama kuna loki ya ufunguo, idadi ya funguo iandikwe.

Vikwazo vingi katika biashara ya mipakani viko nje ya uwezo wa msafirishaji. Hawezi kupanga mpaka gani utafungwa wala foleni itakuwa ndefu kiasi gani. Loki ya boneti iko mikononi mwake. Tofauti ya bei kati ya loki nzima yenye ndoano na pini za mapambo inaweza kuonekana kubwa dukani Kariakoo. Ofisa wa Nakonde akisema "fungua boneti", tofauti hiyo hulinganishwa na siku za kusubiri, posho ya dereva na subira ya mnunuzi.